Wawili Waliousikia Mlio

Assalaam alaykum warahmatullahi wabarakatuh. Sogeeni mbele kidogo, ndugu zangu, jua la alasiri linawachoma walio karibu na mlango. Na kina mama huko nyuma ya pazia, kama sauti haifiki gongeni ukuta, nitapaza.

Leo nataka kuwapa mfano. Nasema mfano. Si hadithi ya Mtume, si kisa cha maswahaba, ni kitu nimekitunga mwenyewe juzi nikipalilia mtama. Msije mkatoka hapa mkaenda sokoni mkasema sheikh kasimulia kuwa imepokewa kwa Mtume. Nawajua.

Palikuwa na bwana mmoja huku huku kwetu Irangi, zama zile ambazo wengine wetu hapa bado tunazikumbuka. Zama za mtama mrefu unaomficha mtu mzima, za maziwa ya kugandishwa kwenye kibuyu, za mbweha kulia mlimani jua likizama na bibi akasema, "Haya, ingizeni vitoto vya mbuzi." Nazitamani siku zile, siwafichi. Hata huyo mbweha namtamani, na alikuwa mwizi.

Bwana huyu alikuwa na mbuzi wachache, na mbweha alikuwa anawamalizia watoto wao. Leo mmoja, keshokutwa mwingine. Nyumbani mkewe alikuwa amejifungua na maziwa yakagoma kutoka. Mtoto wao akawa analelewa kwa maziwa ya mbuzi mweupe ambaye ndiyo kwanza amezaa. Wengine wote walikuwa wamekauka. Mnaiona hali ilivyokuwa? Halafu asubuhi moja wakaamka, kitoto cha yule mbuzi mweupe hakipo. Damu kidogo kwenye miiba ya ua, basi. Mama mtu akashinda kutwa anazunguka zizi analia, hata majani hataki.

Bwana akapandwa na hasira. Akamwendea shemeji yake, kaka wa mkewe, mwindaji hodari aliyekuwa akiishi porini kwa upinde wake na hajawahi kufuga hata kuku.

"Shemeji, nifundishe kumuwinda mbweha."

"Mbweha hafukuzwi, shemeji. Anaitwa."

"Anaitwaje?"

Shemeji akachukua kipande cha bua la mtama, akakipasua ubavuni kidogo, akakitia mdomoni. Ukatoka mlio wa kitoto cha mbuzi kilichokamatwa, mpaka yule bwana nywele zikamsimama.

"Sasa nisikilize," akamwambia. "Kaa mahali ambapo upepo unakujia usoni, asikunuse. Egemea kichaka, usitikisike. Lia kidogo, halafu nyamaza sana. Wanaoanza wote wanakosea hapo, wanalia mno. Na usilie kama mbuzi mwenye njaa, lia kama aliyevunjika mguu. Nyasi zikitikisika karibu yako, achia mshale hapo hapo. Ukingoja umuone, yeye keshakuona."

Mafunzo mazuri kabisa. Hakuna alichomficha. Ila kuna jambo moja shemeji hakulisema kwa sababu hakulijua, na atalijuaje mtu ambaye hana zizi?

Bwana akaenda kujifunzia mbali, bondeni mtoni. Kina mama waliokuwa wakichota maji wakamcheka mpaka wakaweka ndoo chini. Mmoja akamwambia, "Baba, huyo si mbuzi, huyo ni mzee aliyekabwa na ugali!" Naye akacheka nao, akaendelea. Watu wa zamani walikuwa wanajua kuchekana bila kuumizana, hilo nalo limetupotea. Basi akajifunza, akajifunza, mpaka siku moja kina mama wale wakasikia kitoto cha mbuzi kinalia vichakani wakaanza kukitafuta. Akajua sasa ameiva.

Asubuhi moja, baada ya sala ya alfajiri, akaenda kwenye nyasi ndefu nyuma ya nyumba yake, kule anakopitia mbweha. Upepo usoni. Mgongo kwenye kichaka. Mshale kaupaka sumu. Akalia kidogo, kama aliyevunjika mguu. Akanyamaza. Akalia tena, akanyamaza zaidi.

Nyasi zikatikisika. Kitu kinakuja, tena kinakuja kwa kasi! Akaachia. Kikaanguka. Akakurupuka pale akisema alhamdulillahi, leo nimempata mwizi wangu.

Akafunua nyasi. Alikuwa mbuzi wake mweupe. Amelala ubavu, kiwele kimejaa, na kiwele chenyewe kimechanikachanika kwa miiba ya ua alioupenya. Hakungoja kufunguliwa. Amesikia mwanawe analia, angengojaje? Na kwa ile sumu, hata kumchinja hakukuwa na maana tena.

Bwana akainua macho. Mbele kidogo, juu ya jiwe, mbweha ameketi. Naye alikuja, tena alikuwa amefika mapema tu. Amekaa anatazama, anajilamba midomo, anangoja watu waondoke.

Mkewe akafika anahema, mtoto mgongoni analia njaa. "Mume wangu, mbuzi kapasua ua katoka! Ulikuwa unaita nini huku?"

"Nilikuwa namwita mbweha."

Mwanamke akamtazama yule mbuzi pale chini, akakitazama kile kiwele. Akamuuliza taratibu, "Na mama je, ulidhani hasikii?"

Mfano wangu unaishia hapo, ndugu zangu. Nawaona wengine mmeanza kumsikitikia mtoto, mnajiuliza atakunywa nini. Kwa mtoto wa siku zile sina wasiwasi. Kabla jua halijapanda, mbuzi wa jirani angekuwa amefungwa mlangoni kwao, na aliyemleta ameshaondoka, hata shukrani hakungoja. Nimeyaona hayo kwa macho yangu katika mji huu. Mama yangu, Mungu amrehemu, yowe likipigwa alikuwa hajui hata ni nani analia. Anafunga kanga, anabeba maji, anakwenda kwanza, ataulizia huko mbele. Nikikumbuka mgongo wake unavyopotea njiani mimi roho inaniuma, kwa sababu siku hizi sioni migongo ya namna ile. Angekuwa mtoto wa leo, hapo ndipo ningeogopa.

Mlio ulikuwa mmoja. Waliousikia walikuwa wawili, na wote wawili waliitika. Wote walikuja mbio. Kwa hiyo usije ukaniambia, "Sheikh, mimi jirani akipata shida huwa siachi kwenda." Hata mbweha hakuacha kwenda! Nakuuliza ulikwenda na nini, na uliporudi ulirudi na nini. Mama alikwenda na kiwele kimejaa. Mbweha alikwenda na tumbo tupu, akitarajia kurudi limejaa.

Jumatatu iliyopita nyumba ya Bi Hidaya iliwaka moto. Yowe lilipigwa. Tulikwenda, jamani? Tulikwenda. Mtaa mzima ulijaa, hakuna aliyechelewa. Mikono yote ilikuwa juu, na kila mkono una simu. Tukauliza moto umeanzaje, nani aliacha jiko, kwani mwanawe yule wa mjini hamtumii hela? Paa likaanguka tukasema "Aaah!" Kisha tukarudi makwetu, kila mmoja ana picha yake na maneno yake ya kusimulia kwa wiki nzima. Tulishiba. Na Bi Hidaya mpaka leo analala na wajukuu zake kwenye kibanda cha kuku. Leo ni Ijumaa, ndugu zangu.

Sisemi nyinyi, nasema sisi. Sisi tulioona wazee wetu wakisimamisha nyumba ya mtu kabla majivu hayajapoa. Tumelelewa na watu wa namna ile, tumenyonya maziwa yao, halafu tukafika pale tukakaa juu ya jiwe. Tumekuwa nani?

Sasa sikilizeni. Magharibi bado iko mbali. Hapo nje nimeacha debe la unga na jembe. Mwenye bati moja alete bati moja, mwenye blanketi alete blanketi. Asiye na kitu ana miguu miwili, udongo wa kukanyaga upo, na kina mama maji ya kuuchanganyia watatuletea wao, nawaamini. Simu ziacheni hapa msikitini, Mungu atazilinda.

Naona mmeshainua mikono mnangoja dua. Ishusheni. Leo dua hatuiombi hapa. Tutaiomba kwa Bi Hidaya, tukiwa na matope mpaka magotini.