Nani Alilifunga Lango la Boma?

Hapo zamani za kale, wanangu, wanyama walipokuwa bado wakifagia nyua zao na kusonga ugali kama sisi, palikuwa na mji uitwao Majabalini. Sogeeni karibu. Wewe, acha kumvuta mwenzako shuka, sikiliza.

Katikati ya mji palikuwa na boma la serikali. Ndani ya boma mlikuwa na mashine ya kusaga, kisima, na chumba cha mganga Korongo. Lango lilikuwa moja tu, na bawabu wake alikuwa Mama Pimbi.

Mnamjua pimbi? Ni mnyama mdogo wa kwenye mawe, utadhani sungura aliyekatwa masikio. Huyu Mama Pimbi alikuwa mjane mwenye watoto wadogo. Alikaa nao katika kijumba cha kazini, pale pale langoni, katikati ya majabali.

Mji uliongozwa na vyama viwili. Mwenyekiti wa Chama cha Pembe alikuwa Mzee Nyati. Mwenyekiti wa Chama cha Meno alikuwa Bwana Ngiri. Wote walikaa kwenye benchi la mbele la baraza, na hakuna jambo lililopita mpaka wote wawili waseme ndiyo.

Basi mwaka mmoja wakagombania tope.

"Tope lote la mtoni liwe la Chama cha Pembe," akasema Nyati.

"Ati lote?" Ngiri akaruka. "Na sisi tugaegae wapi? Kwenye majivu?"

"Gaegaeni mnapotaka. Mkikataa, serikali inasimama!"

"Isimame basi!"

Nyati akatoka kwa hasira, dudu! dudu! dudu! mpaka langoni. Akatazama huku, akatazama huku. Hapakuwa na mtu ila Mama Pimbi.

"We Pimbi, piga komeo. Asiingie mtu mpaka niseme mimi."

"Mzee wangu, na wenye watoto wagonjwa je?"

"Nimesema piga!"

Mama Pimbi akazitazama zile pembe. Akapiga komeo. Kwa!

Mashine iliyokuwa ikilia tuku-tuku-tuku kutwa nzima, ikanyamaza. Mganga Korongo akarudishwa nyumbani. Watu wakaenda kuchota maji mbali mtoni, na watoto wakatafuna mahindi makavu, kru, kru, mpaka ufizi ukauma. Mama Kanga alikuja langoni na kifaranga chake mgongoni, kina homa. Alibisha hodi, akabisha, akabisha, mwisho akarudi nacho vile vile.

Wanyama walipouliza, Nyati alisema, "Muulizeni Ngiri." Walipokwenda kwa Ngiri, naye alisema, "Muulizeni Nyati." Kila mmoja akanyoosha kidole kwa mwenzake.

Mwishowe unga ukaisha hata nyumbani kwa Nyati. Mkewe akamwekea sahani ya mahindi makavu, akaenda zake bila kusema neno. Nyati akatafuna punje moja. Akainuka, akaenda langoni taratibu, huku akijifanya anatembea tu.

"Fungua," akanong'ona.

"Na tope, Mzee?"

"Fungua, nimesema!"

Lango likafunguliwa. Tope likabaki vile vile lilivyokuwa, huku nyati na kule ngiri. Wanyama wakatazamana. Kumbe njaa yote ile ilikuwa ya bure!

Hapo ndipo mji ulipochafuka. Siku ya uchaguzi ilikuwa imekaribia, na kule Majabalini hawakupiga kura kwa siri. Mgombea alisimama uwanjani, na kila anayemtaka akapanga foleni nyuma yake.

Vijana wa Chama cha Pembe wakamjia mwenyekiti wao, hawatulii, wanaparapara chini kwa kwato.

"Mwenyekiti, hali mbaya. Sokoni hatusalimiwi."

"Mimi nimepita kwa Swala, wametufungia mlango!"

"Mimi mke wangu ananiita Bwana Komeo!"

Nyati akakuna shingo. Akafikiri. Akatabasamu. "Nyie, komeo analishika nani?"

"Pimbi."

"Mkono uliolifunga lango ni wa nani?"

"Wa Pimbi."

"Basi kosa ni la nani?"

"Aaaah!" wakaitikia vijana, wakatawanyika mbio kwenda kulisema.

Maneno yana miguu, wanangu. Jua halijafika utosini, Mama Kanga kashafika kwa Mama Pimbi, mabawa yamemsimama.

"Kumbe ni wewe, shoga! Nilibisha hodi mimi, na mtoto mgongoni! Ulinisikia?"

"Nilikusikia, dada."

"Ulinisikia!"

"Niliamriwa. Niliogopa. Nyati aliniambia nipige komeo."

"Nani alisikia akikuambia?"

Mama Pimbi akatikisa kichwa. Hakuna aliyesikia.

Mama Kanga akamtazama, hasira ikampungua kidogo, lakini haikwisha. "Mimi sijui nimwamini nani. Kesho utahukumiwa uwanjani, kabla tu ya watu kupanga foleni za uchaguzi. Chama cha Pembe wanataka uhamishiwe tambarare."

Tambarare! Mama Pimbi akayatazama majabali yake. Tambarare hakuna jiwe hata la kukalia. Hakuna ufa wa kuficha mtoto. Kuna majani mafupi tu, na juu angani tai anazunguka, anatazama chini.

Siku ile hakuweza kukaa. Alichukua mwiko, akauweka. Akafagia alipokwisha kufagia. Akatoka nje, akarudi ndani, akawapapasa watoto vichwa, akatoka tena.

"Mama," mtoto wake Tindo akauliza, "mbona unazunguka kama mashine?"

"Nasaga, mwanangu."

"Unasaga nini?"

"Maneno. Bado hayajawa unga."

Sasa, Majabalini walikuwa na desturi yao. Mtuhumiwa alipewa ngoma kabla ya hukumu. Ngoma ikilia, aliruhusiwa kusema atakalo, hata kujigamba, na mwingine yeyote aliruhusiwa kumjibu. Lakini ngoma ikishanyamaza, lililosemwa bila kupingwa likawa ndiyo kweli ya mji mzima. Hakuna kurudi nyuma.

Kesho yake uwanja ukajaa. Wanyama walisukumana, wakanung'unika, hakuna aliyetulia. Nyati alisimama mbele, kifua wazi, na nyuma yake foleni ilikuwa imeshaanza. Maana wengi walikwisha kuamini kuwa kosa ni la Pimbi.

"Mama Pimbi," akasema Nyani, mpiga ngoma wa mji, "umesikia unayoshtakiwa. Ngoma ni yako."

Ndu! Ndu-ndu! Ndu!

Mama Pimbi akapanda juu ya jiwe. Sauti ilianza ndogo, inatetemeka.

"Mnasema nimelifunga lango. Ndiyo. Ni mimi!"

"Uwiiii!" uwanja ukalia. Nyati akatabasamu mpaka masikioni.

"Ni mimi!" Pimbi akapaza sauti. "Mimi binti wa jiwe! Nani mwingine hapa ana moyo wa kuisimamisha serikali? Yupo? Ajitokeze!"

Ndu!

"Ngiri alikuja analalamika. Nikamwambia, potea! Akapotea, mkia juu!"

Wanyama wakaanza kucheka. Ngiri akatazama chini.

"Na Nyati je?" akauliza mmoja kutoka nyuma.

"Nyati?" Pimbi akashika kiuno. "Nyati alinivunja mbavu! Alikuja langoni mkia ameubana katikati ya miguu. 'Mama Pimbi, nakusihi, nifungulie, njaa inaniuma.' Nikamwambia, piga magoti kwanza!"

"Akapiga?"

"Yote mawili! Pu! Pu!"

Kicheko kikapasuka, ha ha ha! mpaka Twiga akaegemea mti. Nyati akaacha kutabasamu.

Kijana mmoja wa Pembe akamwinamia. "Mwenyekiti, ni kweli ulipiga magoti?"

"Nyamaza wewe!"

"Na akalia!" Pimbi akaendelea. "Machozi, kamasi, vyote! Nikamhurumia, nikamfuta pua kwa ncha ya leso yangu. Nikamwambia, nenda kalale, dume langu, kesho ni siku."

"Dume langu!" uwanja ukarudia. "Dume la Mama Pimbi! Hoyeee!"

Nyati akapumua, fffuuu! Vijana wake wakamtazama, kisha wakatazamana wao kwa wao.

Nyani akaanza kupunguza ngoma. Ndu... ndu... "Inakaribia kunyamaza," akasema. "Hakuna wa kumjibu mama huyu? Basi mji utajua kwamba Nyati alimpigia magoti Pi..."

"UONGO!"

Nyati akaruka mbele, vumbi likatimka.

"Mimi? Mimi nimlilie mnyama wa kukaa kwenye ufa? Wewe ndiye uliyetetemeka! Nilikuja mwenyewe langoni, nikakuambia piga komeo! Ukaanza kulialia, 'Mzee wangu, na wenye watoto wagonjwa je?' Nikakuambia nimesema piga, nawe ukapiga! Serikali nzima niliisimamisha mimi, Nyati, kwa neno moja tu!"

"Haswaaa!" kijana mmoja wa Pembe akashangilia, kisha akajiziba mdomo.

Ngiri naye akafungua kinywa. "Lakini na mimi niligoma! Nilisema isi..." Mkewe akamfinya ubavuni. Akafunga kinywa.

Ndu. Ngoma ikanyamaza.

Uwanja mzima ukamgeukia Nyati.

Mama Kanga akatoka katikati ya watu, polepole, akasimama mbele ya Nyati.

"Mzee," akasema, "alikuambia kuna watoto wagonjwa?"

Nyati akarudi nyuma hatua moja.

"Alikuambia, na wewe ukasema apige?"

"Mimi... mimi nilikuwa najigamba tu, mama. Si mnajua mambo ya ngoma?"

"Ngoma imenyamaza, Mzee," akasema Nyani.

Kwanza akatoka Swala kwenye foleni ya Nyati. Akafuata Twiga. Kisha wakatoka wengi kwa pamoja, wanakanyagana, wanasonyana. Wengine wakaenda kwa Ngiri huku wamekunja nyuso. Wengine hawakwenda kokote, wakakaa chini katikati ya uwanja wakasema watatafuta watu wapya. Vijana wa Pembe wakaanza kurudi nyuma kwato moja moja, wakijifanya wanafukuza nzi.

Nyati akageuka kuitazama foleni yake. Nyuma yake palikuwa na mkia wake tu.

Siku ile akatolewa kwenye benchi la mbele, na Chama cha Pembe hakikukalia benchi lile kwa muda mrefu sana.

Mama Pimbi alishuka kwenye jiwe. Tindo na wadogo zake wakamkimbilia, wakamshika sketi.

"Mama, tunahama?"

"Hatuhami."

Mama Kanga akamsogelea. Hakucheka. "Nyumba yako umeiokoa, shoga. Lakini siku nyingine ukiamriwa kunifungia mlango, piga kelele nikusikie. Tutakuja wote."

"Nitapiga, dada," akasema Mama Pimbi. "Mtoto anaendeleaje?"

"Homa imeshuka. Anaomba uji."

Wakaenda pamoja mpaka bomani, Mama Pimbi akavuta komeo alilolipiga asubuhi alipokwenda uwanjani, na mashine ikaanza kulia, tuku-tuku-tuku.

Nanyi mlioisikia, bebeni hili moja: mwenye majivuno hahitaji shahidi wa kumshtaki, mdomo wake mwenyewe unatosha.