Nusu ya Kiwanja

Saa nane za usiku bati likaanza kulia, mvua ya mawe kwanza, halafu ile nzito, na mama mmoja katika zahanati ya mbali huko mabondeni akaketi kitandani akamkumbatia mtoto wake, kwa sababu alijua. Mtoto alikuwa anavuta pumzi kwa shida, mbavu zinaingia ndani, na ndege ndogo iliahidiwa kuja asubuhi kumpeleka hospitali kubwa, na kiwanja cha ndege cha pale ni udongo mtupu. Mnaiona hofu yake, mama zangu?

Sasa, pale kulikuwa na mlinzi wa kiwanja. Kazi yake, mvua ikinyesha, ni kuvua viatu na kutembea kiwanja chote toka mwanzo hadi mwisho akikanyaga kwa kisigino. Kisigino kikizama, anamwambia rubani kwenye redio ya upepo. Watoto walimwita Bwana Kisigino, naye akiitwa anaitika.

Saa moja asubuhi akaenda. Nusu ya kwanza ngumu, safi. Kupita katikati tu, mguu ukazama mpaka kifundoni, na mbele yote ni tope. Akarudi. Yule mama alikuwa anamngoja mlangoni pa chumba cha redio, mtoto mgongoni, mawingu yameshuka mpaka kwenye miti, ndege inasikika huko juu ikizunguka wala haionekani. Mlinzi akamweleza alichokiona, na kwamba rubani akiambiwa atageuza. Mama akamshika mkono.

"Kaka, sema pamekauka. Akigeuza, huyu haioni jioni."

"Dada, huko mwisho..."

"Sema pamekauka."

Wewe ungefanyaje? Mimi huyu wangu wa miezi saba yuko hapa mgongoni, ningesema hivyo hivyo, tena ningepiga magoti.

Mlinzi akasema hivyo redioni. Rubani akauliza mara mbili, kiwanja chote? Akajibiwa, chote, kapteni. Ndege ikachomoka mawinguni ghafla, ikagusa chini karibu na katikati kama ilivyozoea, rubani akakanyaga breki, na ikawa kama sabuni kwenye sakafu, ikaenda ubavu ubavu mpaka mtaroni, pangaboi la puani likajikunja kama kijiko cha bati.

Rubani akatoka kwa miguu yake mwenyewe, damu kwenye paji la uso, akageuka akatazama alama za magurudumu yake toka zilikoanzia. Hakufoka. Bora angefoka.

"Ndege hii nusu inaitosha," akasema. "Mngeniambia, ningegusa mwanzoni kabisa, nikasimama pakavu."

Nusu inaitosha. Yule mama alisikia, akakaa palepale kwenye tope na mtoto wake.

Ndege ya pili ilikuja saa kumi jioni. Safari hii mlinzi alisema kila alipokanyaga, mpaka hapa pagumu, kuanzia hapa tope, na ikatua kwenye ile nusu ya kwanza, iliyokuwa ngumu tangu asubuhi. Mtoto aliondoka akiwa hai, Mungu ashukuriwe. Lakini yale masaa tisa ya kumhesabia mtoto pumzi, nani alimwongezea yule mama?

Ndio sisi hao. Tunamwita Mungu aje nyumbani kwetu, aje upesi, halafu tunamwambia pamekauka. Tukiulizwa habari za nyumbani, nzuri. Unapigwa, nzuri. Chupa ziko chini ya kitanda, nzuri. Tunaogopa tukitaja tope atapita juu aende kwa wenye viwanja safi. Nani alituambia kwamba anataka kiwanja chote? Nusu inamtosha, ila aambiwe ni ipi.

Leo usirudi nyumbani hivyo hivyo. Mshike mkono mwenzako mmoja, mwambie tope lako linaanzia wapi. Na kama huna wa kumwambia, mimi nitakuwa pale benchi la nyuma nanyonyesha. Njoo ukae. Sitamwambia mtu mwingine.