Kuni za Pango la Mwanyani

"Aachaye kuni pangoni hajui atakayeota moto." Mliisikia jana msibani, na leo mmenijia nyote kuuliza ilitoka wapi. Haya, kaeni, ila msinihimize. Safari ya mlima huchosha magoti hata kwa kuisimulia. Methali hii ilianza hivi.

Zamani, watu wa bondeni walipokwenda ng'ambo walipita kwenye mwanya mmoja tu kati ya vilele viwili. Huko juu ukungu ulilowesha kila mti, na ukichanja kuni zake hukupata ila moshi. Ikawa desturi kila apandaye abebe kuni kavu kutoka bondeni. Akifika kwenye pango la mwanyani, huwasha alizozikuta na kuacha zake kwa wajao.

Mwaka wa ukame, Senzota na mkewe Namkunda walihama na mtoto wao mchanga, Mbonea. Senzota alikuwa hoi kwa njaa na mizigo. Katikati ya kupanda akatupa kuni zake korongoni. Namkunda, mtoto mgongoni, hakuutua mzigo wake mdogo wa kuni.

Walilala pangoni wakiota moto wa kuni za watu wengine. Asubuhi Namkunda akaziweka zake pembeni.

"Unamwachia nani?" Senzota akafoka. "Sisi haturudi huku tena."

"Aliyetuachia hizi naye hakutujua, baba Mbonea."

Wakashuka ng'ambo ya pili. Mvua kubwa ikawakuta, na chini wakakuta mlima umeporomoka ukafukia njia. Hapakuwa na la kufanya ila kupanda tena, wamelowa chapachapa. Mbonea alilia njia nzima. Karibu na pango akanyamaza, na hicho ndicho kilichomtia mama yake hofu.

"Washa, mume wangu! Mtoto amekuwa baridi!"

Senzota akapuliza makaa ya asubuhi, akapanga juu yake kuni za mkewe. Moto ukashika. Wakamkanda mtoto, wakamkanda, mpaka akalia. Senzota naye akalia.

"Zile nilizotupa..." akaanza.

"Kuni za korongoni haziwaki," Namkunda akasema kwa uchovu. "Mshike mwanao."

Kulipokucha, jua lilitoka, na pangoni hapakubaki hata ukuni mmoja. Senzota hakwenda kutafuta njia nyingine. Alimwacha mkewe akiota jua na mtoto, akashuka mpaka bondeni, mteremko uleule uliomtoa jasho, akachanja kuni kavu, akajitwika. Njiani akakutana na jirani yake.

"Senzota! Si ulihama wewe? Na mzigo wote huo unampelekea nani?"

Senzota hakuutua. Alivuta pumzi, akajibu, "Ndugu yangu, aachaye kuni pangoni hajui atakayeota moto." Kisha akaendelea kupanda.