Kigoda cha Mzee Fisi

"Paukwa?"

"Pakawa."

"Pakawa na nani?"

"Na Bi Pimbi na tezo yake."

Basi sogeeni. Na wewe wa nyuma, acha kutafuna muwa, nasimulia.

Bi Pimbi alikuwa fundi wa vigoda, akiishi majabalini na wanawe watatu. Siku moja akaja Fisi, mwenye nguvu nyingi na tumbo lisilojua kushiba.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba. Nichongee kigoda. Kikinipendeza, nahama huku. Kisiponipendeza, nakula wanao."

Bi Pimbi akashika tezo. Akachonga, ko, ko, ko, kigoda cha mpingo chenye nakshi pande zote. Fisi hakukitazama hata kidogo. Akakinusa, fu, fu, fu. Akaking'ata.

"Hakina ladha. Kesho mchana narudi. Kikiwa hivi hivi, naanza na huyo mdogo."

Bi Pimbi akalia. Kigoda kizuri vile, kimekosa nini? Akampelekea Kobe. Kobe akaingia chini yake.

"Kibanda kizuri, jirani, ila hakina mlango."

Akampelekea Nyani. Nyani akakipiga, du, du, du.

"Ngoma nzuri, shoga, ila hailii vizuri."

Hakuna aliyekikalia. Bi Pimbi akarudi nyumbani akicheka peke yake. Kumbe siku zote alikuwa akijichongea mwenyewe. Kobe ameona nyumba, Nyani ameona ngoma, na Fisi je? Fisi ameona mfupa.

Akachonga tena, ko, ko, ko. Safari hii hakuhangaika na nakshi. Akakipaka ulimbo mzito, ule wa kunasia ndege, na juu yake akapaka mafuta ya nyama. Kisha akawaita Kobe na Nyani waje kushuhudia.

Fisi akaja. Fu, fu, fu. Mate yakamdondoka.

"Hiki sasa ndicho kigoda. Kimenipendeza."

Hakukikalia. Akakivamia kwa meno yote, nyaku. Akavuta, meno yamenasa. Akavuta tena, yamenasa zaidi.

"Majirani, mmemsikia," akasema Bi Pimbi. "Kimempendeza. Safari njema, mzee."

Fisi akahama siku ile ile, kigoda kikining'inia kinywani, na watoto watatu wakala chakula chao kwa amani.

Nimefika mwisho, nainuka. Kigoda ki wazi kwa mwenye hadithi yake.

Na funzo lenu ni hili: fundi hana budi kujua mwenzake anakionaje kitu. Mkinibishia, kamuulizeni Fisi, akiweza kufungua kinywa.