Mwanamke Aliyepunga Mikono Makaburini

Ndugu zangu, simu zenu ziwekeni mfukoni kidogo. Sina nia ya kuzigombeza, hata mimi ninayo. Nataka tu mnisikilize habari ya mama mmoja.

Mama huyo alikuwa mjane wa kijiji cha milimani, kule kwenye viazi na ukungu. Mwanawe alifanya kazi mbali, kwa hiyo nyumbani alibaki na mke wa mwanawe, na mjukuu wake wa kike, Tusekile. Kwa lugha ya kwao jina hilo ni kusema ‘tumefurahi’. Lakini mtoto mwenyewe hakuwahi kulisikia hata mara moja. Alizaliwa hasikii. Ukitaka aje kula, umfuate alipo umshike bega. Ukimwita, umeuita ukuta.

Sasa mtandao wa kijiji kile, mnaujua wenyewe wa namna hiyo. Ujumbe ulipita, picha ilipita kwa kusuasua, lakini ukifungua video inazunguka weee, mpaka unakata tamaa. Mahali ulipokamata sawasawa ni kule juu kilimani, makaburini. Nani ataenda kukaa makaburini na simu?

Alasiri moja bibi yule anamenya viazi, mjukuu yuko pembeni yake, simu ikalia. Ni kundi la akina mama wa maombi. Kuna picha. Mwanamke amepigwa kwa mbali, kutoka barabarani, mgongo unaonekana, amesimama katikati ya makaburi, mikono iko hewani. Chini pameandikwa: “Anawanga mchana kweupe!”

Bibi akaogopa. Wewe ungefanya nini? Naye alifanya hilohilo. Akawatumia dada zake, akawatumia wanakwaya, akaongeza na maneno yake: “Tuombeane jamani, adui ameingia kijijini.”

Alipokwisha kutuma, ndipo akaitazama vizuri. Akaikuza kwa vidole. Kile kitenge! Alikinunua yeye mwenyewe, akampa mkwewe siku ya ubatizo wa mtoto.

Jamani. Akabonyeza huku na huku aifute. Kwake ikafutika, kwa wenzake ilishafika. Akamwachia jirani mtoto, akajifunga khanga kiunoni, akapanda kilima huku analia na kuomba: Bwana, asiwe yeye.

Alikuwa yeye. Amesimama kati ya makaburi, simu ameiegemeza kwenye msalaba mmoja, mikono inakwenda: inafunguka, inafumba, inagusa kifua, inagusa shavu.

“Mama Tusekile! Unamwita nani hapa?”

Yule binti akageuka, wala hakukimbia. “Namwita mwanangu, mama.”

“Mwanao yuko nyumbani!”

“Najua. Nyumbani video haifunguki. Njoo uone.”

Bibi akasogea kwa woga. Kwenye simu kulikuwa na mwalimu, dada mmoja mnene mwenye uso wa upole, anasema kwa mikono. Ni lugha ya alama. Anafundisha bure, yeyote mwenye simu anajifunza.

“Huyu anasema kila mtu anaweza kupewa jina la mkono,” binti akaeleza. “Nikafikiri, kama mwanangu hawezi kulisikia jina lake, basi alione. Lake nimelifanya hivi.” Akaweka kidole shavuni, akakizungusha, pale penye kishimo cha mtoto anapocheka. “Jana shambani aliponitazama nilimwita hivi, akanijia. Nilitaka nihakikishe kwanza kabla sijakuambia, usije ukafurahi bure.”

Bibi akakaa chini, pale pale kwenye udongo.  Akasema, “Mwanangu, nimekuharibia jina. Ngoja kwanza, usiseme kitu. Nifundishe.”

Waliporudi, uani pamejaa watu. Akina mama wa maombi, vijana wenye fimbo, na mzee wa kanisa ambaye hata viatu hakuvifunga kamba kwa haraka. Mtoto yuko nyuma yao, anachezea maganda ya viazi, hana habari.

“Mama,” mmoja akasema, “mkweo tumemjia, kitenge chake tumekitambua. Ujumbe ni wako mwenyewe.”

“Ni wangu,” bibi akajibu. “Nimeuandika mimi. Sasa nipisheni.”

Akapita katikati yao, akazunguka mpaka mbele ya mtoto, akaweka kidole shavuni, akakizungusha.

Tusekile akamkazia macho. Bibi? Na bibi naye anajua? Akajigusa kifua: mimi? Bibi akatikisa kichwa kukubali. Mtoto akatupa maganda, akaruka, akamvaa bibi yake shingoni, akacheka kicheko cha sauti ambacho ua ule haukuwahi kukisikia.

Bibi akawageukia wale watu, mtoto yuko begani. “Huo ndio uchawi mliokuja kuukamata. Ameitwa kwa jina lake, ameitika.”

Ndugu zangu, sisi tu akina nani katika habari hii? Msinijibu haraka. Bibi yule hakuwa mtu mbaya. Aliogopa, na mtu akiogopa kidole kina mbio kuliko mguu. Mtandao ulikuwa uleule. Mmoja alivumilia baridi na masengenyo ili amtafutie mtoto neno moja. Sisi wengine, tumekaa kwenye viti vyetu, tuliutumia kumwondolea mama yake jina. Na tulisema tunaomba!

Kuna mtu umemwandika wiki hii, au umempokea kwa fulani ukampitisha kwa wengine. Unamjua, sasa hivi umemkumbuka. Ukitoka hapa, nenda kwake ukamwone, umuulize alikuwa anafanya nini. Jumapili ijayo msiniambie mmemwombea. Niambieni mmekwenda.