Fisi Aliyekataa Kulipwa

Hapo zamani za kale, siku zile fisi alipokuwa bado akivaa kanzu na kuitwa Bwana, aliishi Pimbi mmoja na watoto wake wanne. Pimbi mnamjua? Ni mdogo kama sungura, mkia hana, na akikaa juu ya jiwe utadhani na yeye ni jiwe.

Nyumba yao ilikuwa pango dogo juu ya jabali, kavu hata mvua inyeshe siku saba. Bi Pimbi aliachiwa pango hilo na mama yake, na hakuwa na mahali pengine pa kulaza wanawe.

Mwaka mmoja nzige wakashuka, wakala shamba lake lote la mtama. Karrr, karrr, karrr! Hawakubakisha hata jani. Bi Pimbi akaenda kukopa. Kwa Mzee Tembo alipata pishi kumi za mtama, kwa Mama Nyati pishi tatu, na kwa Bwana Fisi pishi mbili tu.

"Utalipa utakapoweza," alisema Mzee Tembo.

"Usinisahau tu, mwenzangu," alisema Mama Nyati.

Bwana Fisi yeye alitabasamu mpaka magego yakaonekana. "Mimi sina maneno mengi, dada yangu. Kila mwezi ukiandama, deni langu linaongezeka pishi moja. Na masika yakianza kabla hujanimalizia deni, pango ni langu. Sawa?"

Watoto walikuwa wanalia njaa nyumbani. Bi Pimbi akasema, "Sawa."

Basi akawa anafanya vibarua. Alipalilia mashamba ya watu, akalipwa mtama. Na kila alipopata cha ziada, mbio kwa Mzee Tembo! Kwa nini kwa Tembo? Alimwogopa, jamani. Nani asiyeogopa kudaiwa na mtu ambaye mguu wake mmoja tu unaziba mlango wa nyumba yako? Kwa Fisi akawa anapeleka pishi moja tu kila mwezi, ya kumnyamazisha.

Miezi saba ikapita. Bi Pimbi alikonda, masikio tu ndiyo yakabaki vile vile. Siku moja akaketi mlangoni na vijiwe, akaanza kuhesabu.

"Mzee Tembo nimempa nne, zimebaki sita. Haya. Mama Nyati tatu zake ziko pale pale. Bwana Fisi alinikopesha mbili, nimempa saba, bado anadai..."

Akahesabu tena. Akavibadilisha vijiwe, labda vile vya kwanza vilikuwa vibovu.

"Bado anadai mbili! Mama wee! Nimempa saba na deni halijasogea! Kumbe anayenimaliza si Tembo. Ni huyu wa pishi mbili!"

Alikasirika mpaka akavitupa vijiwe bondeni. Kisha akajifunga kanga kiunoni, akaenda kwa Mzee Tembo. Njia nzima alijizoeza maneno, akayasahau, akaanza tena.

"Shikamoo, Mzee."

"Marahaba, mwanangu. Umeleta mtama?"

"Sikuleta, Mzee. Mwezi huu sitakulipa. Kuna deni lingine linakua kila mwezi, nataka nilikate kwanza. Nikilimaliza, utapata wewe, na kwa haraka kuliko sasa."

Bi Pimbi alifumba macho.

"Ho ho hooo!" Tembo akacheka mpaka mapera yakaanguka mtini. "Na hilo ndilo linakutisha? Mtama wangu ukirudi leo, utakaa ghalani tu. Mbona hukuniambia zamani?"

Bi Pimbi akafumbua macho. Miezi saba ya kukosa usingizi, na neno lenyewe lilikuwa hilo tu! Alipofika kwa Mama Nyati hakuogopa tena, na Mama Nyati naye akamwambia, "Anza na huyo, mwenzangu. Mimi nipo."

Sasa hebu sikilizeni alivyofanya. Mtama aliokuwa akimpelekea Tembo, akauweka. Ule wa kumnyamazisha Fisi, akauweka. Halafu akachukua ngoma yake aliyokuwa akiipiga harusini, ngoma aliyoipenda kama mtoto wa tano, akampa Ngedere kwa pishi moja ya mtama. Alilia kidogo njiani. Lakini gunia likawa na pishi tatu kamili: mbili za deni na moja ya mwezi ule.

Mawingu yalikuwa yameanza kujikusanya. Bi Pimbi akajitwika gunia, huyooo mpaka kwa Bwana Fisi.

"Hodi!"

"Hayupo!" akajibu Mke wa Fisi. "Amekwenda matangani kwa shangazi yake."

Sasa, desturi ya nchi ile ilikuwa hivi: deni hupokelewa na mwenyewe, kwa mkono wake, mbele ya mashahidi. Kumwachia mke mlangoni hakukuhesabika. Bi Pimbi akarudi na gunia lake.

Kesho yake akaenda tena. "Hodi!"

"Hayupo! Amekwenda matangani kwa mjomba wake."

Siku ya tatu, "Hayupo! Amekwenda matangani kwa..." Mke wa Fisi akakwama, maana ukoo ulikuwa umekwisha.

Bi Pimbi akachungulia. Chini ya kitanda kulikuwa na mkia, na mkia ule ulikuwa unacheka. Hi hi hi hi!

Ndipo alipoelewa. Fisi hakutaka kulipwa! Angependa vipi kulipwa, na mtama ulikuwa unamfuata nyumbani kila mwezi? Sasa alikuwa anangoja mvua tu, achukue na pango.

Ngurumo ikalia mbali. Ngruuuu!

Bi Pimbi hakurudi kwake. Alipita kwanza kwa Tembo na Nyati, akawaambia, "Kesho adhuhuri njooni kwangu, mniwie mashahidi." Halafu akaenda moja kwa moja kwa Kanga. Kanga mnamjua, yule ndege ambaye ukimpa siri asubuhi, mchana unaisikia kwa jirani.

"Dada Kanga, hili lisitoke hapa."

"Mimi? Mdomo huu? Nimeushona!"

"Madeni yamenishinda. Kesho adhuhuri nawagawia wanaonidai vitu vyangu. Mzee Tembo anataka pango aweke maboga yake. Asiyekuwepo kudai, basi tena, hadai."

"Masikini weee!" Kanga akasema, na mguu mmoja ulikuwa tayari njiani. Ka-ka-ka-ka! Bi Pimbi hajafika kwake, msitu mzima umeshajua.

Chini ya kitanda, Bwana Fisi aliruka akajigonga kichwa. Ko! "Maboga? Kwenye pango langu?"

Kesho yake adhuhuri mbingu zilikuwa nyeusi. Mzee Tembo alisimama upande mmoja wa jabali, Mama Nyati upande wa pili. Watoto wanne wa Pimbi walikaa mlangoni wamebanana, kimya, juu ya kitu kilichofunikwa mkeka.

Mara Bwana Fisi huyooo, anahema, kanzu kaivaa nyuma mbele.

"Mimi kwanza! Mimi kwanza! Hakuna kugawa chochote kabla sijalipwa mimi!"

"Pole na matanga, Bwana Fisi," akasema Bi Pimbi kwa upole. "Wanikuta nimechoka. Hungoji hata mvua ipite?"

"Singoji! Nadai haki yangu sasa hivi, mbele ya wazee hawa!"

"Haki yako ni kiasi gani?" akauliza Mzee Tembo.

"Pishi tatu, au pango!"

"Akikupa pishi tatu sasa hivi mkononi, mmemalizana?" akauliza Mama Nyati.

"Tumemalizana kabisa! Lakini atazitoa wapi huyu? Hi hi hi!"

"Wanangu," akasema Bi Pimbi, "simameni."

Watoto wakasimama. Mkeka ukavutwa. Chini yake palikuwa na gunia.

Kicheko cha Fisi kikakatika. Hi...

"Ah, kumbe! Lakini leo... leo nina haraka, nitapitia kesho..."

"Ulisema hungoji," akasema Mzee Tembo, na mguu mmoja akauweka katikati ya njia.

Bi Pimbi akapima. Chwaaa, moja! Chwaaa, mbili! Ngurumo ikalia juu ya jabali. Fisi akaangalia mawingu, akasema, "Pima polepole! Rudia ile ya kwanza, ilipungua!"

"Ilijaa," akasema Mama Nyati. "Endelea, mwenzangu."

Chwaaa, tatu! Mtama wote ukawa mikononi mwa Bwana Fisi, na hapo hapo, ta! tone la kwanza la masika likamwangukia puani.

Mvua ikamwagika. Fisi akashuka jabali na mtama wake unaolowa, kanzu imemganda mwilini. Bi Pimbi akawavuta wanawe ndani. Kukavu! Alikaa sakafuni akagusa ukuta wa pango kwa kiganja, akacheka, akalia, akacheka tena. Usiku ule alilala kama mtoto aliyeshiba.

Tangu hapo pishi ile ya Fisi ikawa inakwenda kwa Mama Nyati. Deni la Nyati lilipokwisha, pishi ile ya Fisi na ile ya Tembo zikaenda pamoja kwa Tembo, na deni lake likayeyuka upesi hata yeye akashangaa. Pishi iliyofuata ilikwenda kwa Ngedere, na ngoma ikarudi nyumbani.

Mwezi ulipoandama tena, Bwana Fisi alipita pale jabalini kwa mazoea. "Hodi! Dada yangu, huhitaji hata pishi moja? Wewe nitakupunguzia."

Kutoka ndani ilisikika ngoma tu. Ti-ndi, ti-ndi, ti-ndi! Na sauti nne zikajibu kwa pamoja, "Hatukopi!"

Basi, wanangu, mkidaiwa na wengi, lipeni kwanza deni linalozaa, hata kama mwenye deni kubwa ndiye anayewatisha.