Kifua cha Rukia na Jiko la Bi Sauda

"Zima hilo jiko, Bi Sauda! Unataka kuniulia mwanangu?"

"Nizime nile nini, Mwanaheri? Napika vitumbua hapa tangu wewe hujaolewa!"

Hapo ndipo ilipozaliwa methali mliyoniuliza, wajukuu zangu: Sikiliza kifua mara mbili kabla hujazima jiko la jirani.

Mwanaheri alikuwa akitengeneza ubuyu wa kuuza pale Chumbageni, Tanga. Bintiye Rukia, wa miaka mitatu, alikuwa na miezi miwili anakohoa, kifua kinapiga filimbi. Zahanati wakasema ni pumu, aepushwe na moshi. Akapewa dawa ya kuvuta, wapi! Basi Mwanaheri, kwa hofu ya mama, akaona chanzo chote ni moshi wa jiko la jirani yake, Bi Sauda. Mtaa ukamuunga mkono, maana nani atasimama na kitumbua dhidi ya mtoto? Bi Sauda akazima moto, akafunika kikaango. Watu wakanywa chai kavu wiki nzima, na filimbi ya Rukia haikukoma.

Siku ya nane Bi Sauda akabisha hodi.

"Jiko langu limepoa, mwanangu, mtoto hajapoa. Twende kwa bingwa wa kifua, hospitali kubwa. Nitambeba mimi."

Mwanaheri aliona haya, lakini akajifunga kanga wakaenda.

Daktari alisikiliza kushoto: pumzi safi. Kulia: filimbi. Akarudia.

"Pumu kwa kawaida husikika pande zote," akasema. "Kifua cha huyu kinalia upande mmoja. Aliwahi kupaliwa?"

Mwanaheri akaikumbuka siku ile, miezi miwili nyuma: sinia la ubuyu, Rukia anacheka mdomo umejaa, kikohozi, makofi ya mgongoni, kisha shwari. Alidhani yamekwisha.

Mtoto akalazwa usingizi, ukapitishwa mrija wenye taa hadi kifuani, ikatoka kokwa ya ubuyu, na filimbi ikakoma.

Bi Sauda akaitazama, akacheka machozi yakimtoka. "Ala! Kumbe moshi wangu una kokwa!"

Waliporudi, alfajiri ya kwanza Mwanaheri alichukua mkaa wake mwenyewe, akaliwasha jiko la jirani pale barazani, akapepea hadi macho yakawa mekundu. Bi Sauda akakaanga, vitumbua vikaiva. Mwanaheri akasimama mlangoni, hathubutu kuvuka kizingiti.

"Sikiliza kifua mara mbili," akanong'ona, "kabla hujazima jiko la jirani."

"Umeshasikiliza, yatosha," akajibu Bi Sauda, akimsogezea mkeka. "Mwite na Rukia. Ingieni mle vitumbua, vinapoa."